Vigawo, vigawe na namba tasa: jua pa kusimama

Mbukwenyi wana Dodoma na wengine wote mnaosoma.

Jioni huwa nakaa na watoto wa mtaani kwetu huku Nkuhungu, kibarazani tu, ubao wangu ni kipande cha plaiwudi nilichopaka rangi nyeusi, na kila mwaka ikifika mada ya vigawo na vigawe naona makosa yaleyale yanarudi kwenye daftari tofauti. Sio kwamba mtoto hajui kugawanya. Anajua vizuri tu. Kinachomshinda ni kwamba hajui asimame wapi. Mpwa wangu wa darasa la sita aliandika vigawo vya 84 hivi: 1, 2, 3, 4, 6, 7, 12, 84. Ameacha vinne. Rafiki yake yeye aliamua kuwa mwangalifu akaanza kugawanya 84 kwa kila namba, moja moja, alipofika thelathini na kitu muda wa mtihani ukaisha. Mmoja kasimama mapema, mwingine hasimami kabisa, lakini shida yao ni moja na dawa yake ni moja, ndo hiyo nataka niiandike hapa taratibu mpaka ieleweke. Itawafaa pia wazazi ambao mtoto anakuletea daftari saa mbili usiku na wewe mara ya mwisho kuona hizi hesabu ni miaka 20 iliyopita.

Kwanza tumalize la majina maana hapa watu wanapoteza maksi bure kabisa. Kigawo na kigawe vinachanganya kwa sababu ya herufi moja ya mwisho, ila Kiswahili chenyewe kinakusaidia ukikisikiliza. Kizibo ni cha kuzibia, kifuniko ni cha kufunikia, kwaiyo kigawo ni cha kugawia, ndo kinachoingia kugawanya. Upande wa pili, kiumbe ni kilichoumbwa, mtume ni aliyetumwa, mteule ni aliyeteuliwa, basi kigawe ni kile kinachogawanywa. Ikiishia na o inagawa, ikiishia na e inagawanywa. Ukichukua 3 na 12, basi 3 ni kigawo cha 12, na 12 ni kigawe cha 3. Ni uhusiano mmoja wenye majina mawili kama mjomba na mpwa, huyu hawezi kuwa mjomba bila yule kuwa mpwa wake, kwaiyo ukishajua 3 ni kigawo cha 12 hilo la pili umeshalijua, huhitaji kulitafuta upya.

Vigawo vina mwisho, yani ukitafuta vya 12 vitaisha, kidogo kabisa ni 1 na kikubwa kabisa ni 12 yenyewe. Vigawe havina mwisho, vya 12 ni 12, 24, 36, 48 unaenda tu hadi uchoke. Mtoto akiambiwa "andika vigawe vyote vya 12" swali lenyewe lina kasoro, lazima aambiwe vilivyo chini ya ngapi.

Na namba tasa ni ile yenye vigawo viwili tu, 1 na yenyewe basi. 7 ni tasa, 13 ni tasa. 2 nayo ni tasa, na ndo shufwa pekee iliyo tasa kwa sababu shufwa nyingine zote zinagawanyika kwa 2. Namba 1 sio tasa. Hili watoto wanabishana sana nalo, wanasema mbona inagawanyika kwa 1 na kwa yenyewe, sawa, lakini hesabu vigawo vyake: ni kimoja. Tunahitaji viwili, kimoja hakitoshi.

Sasa tuingie shambani. Jirani yangu ana eneo Hombolo, alikuwa na miche 84 ya zabibu akaniuliza aipange mistari mingapi ili kila mstari uwe na idadi sawa na usibaki hata mche mmoja. Hilo ndo swali la vigawo lenyewe, halina tofauti na la darasani. Anaweza kupanda mistari 3 yenye miche 28 kila mmoja. Ila ukitembea ukaenda kusimama upande wa pili wa shamba hilohilo, sasa unaona mistari 28 yenye miche 3. Shamba halijabadilika, umebadilisha pa kusimama tu. Ndo maana vigawo siku zote vinakuja kwa jozi: ukimpata 3 umeshampata 28 palepale, bila kufanya kazi nyingine. Kosa la mpwa wangu lilikuwa hapo, alimpata 3 akamwandika alafu akaendelea na 4 bila kumwandika mwenzake, akitegemea atakutana nae mbele. Hakukutana nae.

Kwaiyo usiandike vigawo kwa mstari mmoja. Andika kwa jozi, ukishuka:

1 × 84
2 × 42
3 × 28
4 × 21
5 haiingii
6 × 14
7 × 12
8 haiingii
9 haiingii

Na hapo unasimama. Kwa nini 9? Kwa sababu 9 × 9 ni 81, bado haijapita 84, ila 10 × 10 ni 100, imeshapita. Fikiria kidogo: kama kungekuwa na jozi ambayo namba zake zote mbili ni 10 au zaidi, zao lake lingekuwa angalau 100, na sisi tuna 84 tu. Haiwezekani. Maana yake kila jozi ya 84 lazima iwe na mmoja ambaye hazidi 9, na sisi 1 mpaka 9 tumeshawapitia wote. Ukiendelea mbele ya hapo utakutana na 12 × 7, alafu 14 × 6, ni shamba lilelile unaliangalia kutoka upande wa pili.

Nalirudia hili maana ndo moyo wa kila kitu kinachofuata: tafuta namba ambayo ukiizidisha kwa yenyewe haipiti namba yako, lakini inayofuata inapita. Hapo ndo pa kusimama. Kitaalamu ni kipeuo cha pili cha namba yako, ila mtoto wa darasa la tano hahitaji hata hilo neno, anahitaji tu kujua 9 mara 9 na 10 mara 10.

Alafu ukisoma jibu lako, shuka upande wa kushoto kisha panda upande wa kulia: 1, 2, 3, 4, 6, 7, 12, 14, 21, 28, 42, 84. Zimejipanga zenyewe kutoka ndogo hadi kubwa. Ziko 12.

Kuna namba moja moja ambazo jozi ya mwisho inakuwa pacha. Mfano 144, ukishuka utafika 9 × 16 alafu 12 × 12. Huyu 12 unamwandika mara moja tu, kwaiyo 144 ina vigawo 15, witiri. Na ukiona namba yoyote ina idadi witiri ya vigawo basi ujue ni kipeo cha pili cha namba fulani, yani ni namba nzima iliyozidishwa kwa yenyewe, hakuna namna nyingine. Mwaka 2025 ulikuwa hivyo, 45 × 45, nilifurahi nao mwaka mzima na watoto wangu wanajua.

Haya, swali linalofuata ni namna ya kujua haraka kama namba inaingia au haiingii bila kugawanya kila mara. Kwa 2, angalia tarakimu ya mwisho kama ni shufwa. Kwa 5 iwe 0 au 5. Kwa 10 iwe 0. Kwa 4 angalia tarakimu mbili za mwisho peke yake, kama 1,964 unaangalia 64, inaingia, basi. Kwa 8 angalia tatu za mwisho. Kwa 6 ipite mtihani wa 2 na wa 3 yote miwili. Hizi hazina maneno mengi.

Ya 3 na ya 9 ndo tamu, na inaniuma kuona inafundishwa kama kanuni ya kukariri tu wakati sababu yake inaeleweka na mtu yeyote anayeshika pesa. Kanuni inasema jumlisha tarakimu, jumla ikigawanyika kwa 3 na namba nzima inagawanyika kwa 3. Sasa chukua 471, tuseme ni shilingi. Una mia nne, makumi saba, na moja. Kila mia, watoto watatu wakigawana, watachukua 99 kwa pamoja na itabaki shilingi 1. Mia ziko nne kwaiyo zinabaki shilingi 4. Kila kumi, watachukua 9 itabaki 1, makumi yako saba kwaiyo zinabaki 7. Na ile moja ya mwisho ni 1. Zilizobaki mezani ni 4 + 7 + 1 = 12, na 12 watatu wanagawana bila shida. Basi 471 yote inagawanyika kwa 3, kila mmoja anapata 157. Umeona kwamba tarakimu zenyewe ndo mabaki? Ndo maana tunazijumlisha. Na kwa kuwa 99 na 9 zinagawanyika pia kwa 9, mtihani wa 9 ni huohuo, jumla igawanyike kwa 9.

Kwa 11 unachukua tarakimu kwa kuruka moja moja. 5,291: ya kwanza na ya tatu ni 5 + 9 = 14, ya pili na ya nne ni 2 + 1 = 3, tofauti yake ni 11. Ikiwa 0 au 11 au kigawe chochote cha 11, inaingia. Na kweli 5,291 ni 11 × 481.

Ya 7 ina mbinu yake ya kuchukua tarakimu ya mwisho unaizidisha kwa 2 unaitoa kwenye zilizobaki, mfano 343, unafanya 34 toa 6 unapata 28, inaingia. Inafanya kazi. Lakini mi siifundishi kwanza, kwa sababu watoto wanaisahau baada ya wiki, alafu haiwasaidii kwa 13 wala 17 wala 37. Nafundisha kupunguza. Namba yako ni 1,973 unataka kujua kama 7 inaingia? Toa 1,400 maana unajua ni 7 × 200, inabaki 573. Toa 560, inabaki 13. Toa 7, inabaki 6. Haiingii, baki ni 6. Ni kama kushusha magunia makubwa kwanza kwenye lori alafu ndo unahesabu debe, na njia hii inakubali namba yoyote ile bila kukariri kitu kipya.

Na hiyo 1,973 sijaichukua hewani. Mwaka 1973 ndo uliamuliwa uamuzi wa makao makuu ya nchi kuhamia hapa Dodoma, na 1961 ni mwaka wa uhuru wa Tanganyika, kila mtoto anaijua hii miaka miwili. Huwa naiandika ubaoni nawauliza: ipi tasa? Wanaziangalia. Zote zinaishia na witiri, hakuna inayoishia na 5, 3 haiingii popote (jumla ya kwanza ni 20, ya pili ni 17). Nusu yao wanasema zote tasa, na hapa ndo inabidi tujifunze kutoamini macho.

Kujua kama namba ni tasa ni kazi ileile ya vigawo, na pa kusimama ni palepale. Ukiwa umefika kwenye kipeuo bila kupata jozi yoyote zaidi ya 1 na yenyewe, basi haipo, hakuna haja ya kwenda mbele. Kuna nafuu moja ya ziada: huhitaji kujaribu kila namba, jaribu namba tasa tu. Kwa nini? Kama 2 imegoma, basi 4, 6, 8 na wenzao wote wamegoma tayari. Kama 3 imegoma, 9 na 15 na 21 nazo hazina nafasi. Kila namba isiyo tasa imejengwa na tasa ndogo kuliko yenyewe, kwaiyo ukizimaliza tasa umemaliza zote.

Kwa 1,961 na 1,973 pa kusimama ni sehemu moja, kwa sababu 44 × 44 ni 1,936 na 45 × 45 ni 2,025. Basi tunajaribu tasa zisizozidi 44: 2, 3, 5, 7, 11, 13, 17, 19, 23, 29, 31, 37, 41, 43. Ziko 14 tu. Fikiria yule rafiki wa mpwa wangu angejaribu zote mpaka 1,961.

Tuanze na 1,961. 7 inabakiza 1. 11 inabakiza 3. 13 inabakiza 11. 17 inabakiza 6. 19 inabakiza 4. 23 inabakiza 6. 29 inabakiza 18. 31 inabakiza 8. Watoto wengi hapa wanachoka wanaandika "tasa" wanafunga daftari. Subiri. 37: toa 1,850 ambayo ni 37 × 50, inabaki 111, na 111 ni 37 × 3. Imeisha yote! 1,961 ni 37 × 53. Sio tasa, na ilikuwa imejificha mpaka jaribio la kumi na mbili kati ya kumi na nne. Aisee kila nikiifanya hii kibarazani kuna mtoto anapiga kelele.

Sasa 1,973. 7 tumeshaona inabakiza 6. 11 inabakiza 4, 13 inabakiza 10, 17 inabakiza 1, 19 inabakiza 16, 23 inabakiza 18, 29 inabakiza 1, 31 inabakiza 20, 37 inabakiza 12, 41 inabakiza 5, 43 inabakiza 38. Tumefika mwisho, zote 14 zimegoma. 1,973 ni tasa, na sasa sio kwa kuangalia, tuna uhakika kabisa.

Kuna namba ndogo ambazo zinadanganya watu wazima kabisa, ziandike nyuma ya daftari uzizoee sura: 51 ni 3 × 17, 57 ni 3 × 19, 87 ni 3 × 29, 91 ni 7 × 13, 119 ni 7 × 17, 133 ni 7 × 19, 161 ni 7 × 23, 221 ni 13 × 17, 247 ni 13 × 19, 299 ni 13 × 23, 323 ni 17 × 19, 391 ni 17 × 23. Hiyo 91 ndo mkorofi kuliko wote, nimeiona kwenye orodha ya tasa hata kwenye karatasi ya mazoezi iliyochapwa.

Ukitaka tasa nyingi kwa mpigo usijaribu moja moja, tumia chekecheo. Huyu aliyeianzisha ni Mwafrika wa kaskazini kwa kuzaliwa, Eratosthenes, alizaliwa Kurene ambayo leo iko Libya akaja kuwa mkuu wa maktaba ya Aleksandria kule Misri, zaidi ya miaka 2,200 iliyopita. Mi nafanya sakafuni kwa chaki. Chora namba 1 mpaka 100. Futa 1. Zungushia 2 alafu futa vigawe vyake vingine vyote, 4, 6, 8 hadi mwisho. Zungushia 3 futa 6, 9, 12 na kuendelea. 4 imeshafutwa, ruka. Zungushia 5, futa vigawe vyake. Zungushia 7, futa vyake. Inayofuata ni 11, lakini 11 × 11 ni 121, imepita 100, kwaiyo simama. Zote zilizobaki hazijafutwa ni tasa, na ukizihesabu pamoja na ulizozungushia ziko 25. Ukipata 24 au 26 rudi angalia, na mara nyingi mkosaji ni 91 au 1.

Ushauri wangu, chora safu sita badala ya kumi. Yani mstari wa kwanza 1 hadi 6, wa pili 7 hadi 12, hivyohivyo. Utaona safu ya 2, ya 4 na ya 6 zinafutika zote isipokuwa 2 yenyewe, na safu ya 3 inafutika isipokuwa 3. Tasa zote zilizobaki zinakaa kwenye safu ya kwanza na ya tano tu. Hiyo inakupa kipimo cha haraka: namba kubwa kuliko 3 ukiigawa kwa 6 na baki sio 1 wala 5, sio tasa. Ila usiigeuze, sio kila iliyoko kwenye safu hizo ni tasa, 25 iko pale na 35 iko pale.

Tasa ukishazijua unaweza kuvunja namba yoyote. Chukua 360, igawe kwa tasa ndogo inayoingia mpaka ifike 1: kwa 2 ni 180, kwa 2 ni 90, kwa 2 ni 45, kwa 3 ni 15, kwa 3 ni 5, kwa 5 ni 1. Basi 360 ni 2 × 2 × 2 × 3 × 3 × 5. Ukianza na 5 badala ya 2, au ukianza kwa kuipasua 36 × 10, utaishia na tasa zilezile kwa idadi ileile, na ndo sababu nyingine ya 1 kutokuwa tasa, ingekuwa tasa ungeweza kuongeza × 1 × 1 × 1 bila mwisho na kila mtu angekuwa na jibu lake.

Alafu hapa kuna zawadi. Unaweza kujua 360 ina vigawo vingapi kabla hujaviandika. Kutengeneza kigawo ni kuamua unachukua 2 ngapi, 3 ngapi, 5 ngapi. Za 2 ziko tatu, unaweza kuchukua sifuri, moja, mbili au tatu, njia 4. Za 3 ziko mbili, njia 3. 5 iko moja, njia 2. Zidisha 4 × 3 × 2 = 24. Kwaiyo ukiandika jozi zako na ukapata 22 unajua kuna jozi moja umeiruka (mara nyingi ni 15 × 24 au 18 × 20, zile za mwisho mwisho). Rudi kwa 84: ni 2 × 2 × 3 × 7, njia 3 × 2 × 2 = 12. Mpwa wangu angekuwa na hii asingepeleka vigawo nane.

KKS (kigawo kikubwa cha shirika) na KDS (kigawe kidogo cha shirika) sitakaa sana kwa sababu ukivunja vizuri zinajileta zenyewe. Una daftari 84 na kalamu 126 unataka kugawia watoto wengi iwezekanavyo, kila mtoto apate sawa na mwenzake bila kubaki kitu. 84 ni 2 × 2 × 3 × 7, na 126 ni 2 × 3 × 3 × 7. Wanachoshirikiana ni 2, 3 na 7, zidisha unapata 42. Hiyo ndo KKS, watoto 42, kila mmoja daftari 2 na kalamu 3. KDS unachukua kila tasa kwa wingi wake mkubwa ulipo: 2 mbili, 3 mbili, 7 moja, inakuwa 252. Kuhakiki, 42 × 252 lazima iwe sawa na 84 × 126, na zote ni 10,584.

KDS ndo ya vitu vinavyojirudia. Tuseme mgao wa maji kwako unafika kila baada ya siku 4 na kwa dada yako kila baada ya siku 6, na leo mmepata wote. Lini tena mtapata siku moja? Wengi wanazidisha 4 × 6 wanasema siku 24. Hapana, ni 12, kwa sababu ile 2 wanashirikiana na haihesabiwi mara mbili.

Na la vigawe ambalo linakosewa sana kwenye mitihani: vigawe vya 7 viko vingapi kuanzia 200 hadi 300? Usiviandike. Gawa 300 kwa 7, inaingia mara 42. Gawa 199 kwa 7, inaingia mara 28. 42 toa 28 ni 14. Tumegawa 199 na sio 200 kwa sababu 200 yenyewe imo kwenye hesabu, na kama swali lingeanzia 203 ambayo ni kigawe cha 7, ukigawa 203 ungeipoteza. Toa moja kwanza, kila mara.

Watoto huwa wananiuliza hizi tasa zinaenda wapi, zinaisha? Haziishi, Euclid alishalithibitisha hilo miaka 2,300 hivi iliyopita. Mwezi wa 10 mwaka 2024 ilitangazwa tasa kubwa kuliko zote zinazojulikana, ni 2 ukiizidisha yenyewe mara 136,279,841 alafu ukatoa 1, ina tarakimu 41,024,320. Na zina kazi kwenye simu yako. Mwaka 1977 Rivest, Shamir na Adleman walitengeneza njia ya kufunga siri za kwenye mtandao iitwayo RSA, na kufuli lake ni kitu tulichokiona hapahapa: 37 × 53 unazidisha kwa dakika, ila ukipewa 1,961 peke yake uivunje ilituchukua majaribio 12. Wao wanatumia tasa za mamia ya tarakimu.

Ukitaka kujipima jioni ya leo, chukua miaka. 1964 ni 2 × 2 × 491, hakiki mwenyewe kwamba 491 ni tasa, pa kusimama ni 22. 2007, mwaka kilipoanzishwa chuo kikuu pale juu UDOM, ni 3 × 3 × 223. 2018, Dodoma ilipotangazwa jiji, ni 2 × 1,009, na hapo 1,009 unasimama 31. Alafu 2027 siisemi. 45 × 45 ni 2,025, kwaiyo tasa ya mwisho ya kujaribu ni 43.